Barua ya wazi kwa ofisi inayotupeleka China kusoma: neno "mtazoea" halitoshi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi inayosimamia wanafunzi wa ufadhili wa masomo nje ya nchi,
Tanzania.

YAH: WANAFUNZI KUPELEKWA CHINA BILA MAANDALIZI YA LUGHA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwanafunzi wa Kitanzania, mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa China, na kabla ya kuanza shahada nilisoma Kichina kwa mwaka mzima, kama inavyotakiwa kwa anayekuja kwa ufadhili wa serikali ya China kusoma shahada ya kwanza kwa lugha hiyo. Barua hii si ya kwanza kukuandikia. Ya kwanza niliituma kwa baruapepe Novemba 2023, miezi miwili baada ya kufika. Ya pili niliituma Mei 2024, ikiwa na sahihi za wenzangu kumi na mmoja. Ya tatu aliileta kwa mkono baba yangu mdogo, ambaye alisafiri kutoka Tanga, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, akagongewa muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yake na kuambiwa kwamba atapigiwa simu. Nakala hiyo ninayo. Simu hajapigiwa.

Jibu pekee lililowahi kunifikia lilitoka kwa afisa mmoja mpole, ambaye simlaumu kwa kuwa naamini alisema alichoagizwa kusema: "Kijana, wote waliokutangulia walizoea, na ninyi mtazoea." Mama yangu aliposikia kwamba sasa nataka kuandika hadharani, alinikumbusha kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimelitafakari onyo lake kwa siku nyingi. Mheshimiwa, simtukani mkunga. Namwomba tu achemshe maji kabla uchungu haujaanza, kwa sababu kila mwaka, ifikapo Septemba, uchungu unaanza palepale na maji hayapo.

Sikutaja jina la ofisi yako wala la chuo changu, kwa kuwa shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Wala sidharau nilichopewa. Ada yangu inalipwa, chumba ninalala bure, bima ya afya ninayo, na kila mwezi napokea posho ya yuan 2,500, kiasi ambacho kijana aliyelelewa kwa biashara ya machungwa hawezi kukibeza. Malalamiko yangu yanahusu kipande kifupi cha safari hii ambacho kiko mikononi mwenu, yaani miezi iliyopo kati ya jina la mwanafunzi kupendekezwa na siku anapopanda ndege.

1. Tunafika bila neno hata moja

Semina yetu ya kuagwa ilichukua asubuhi moja. Tulielezwa juu ya nidhamu, uzalendo, mavazi ya heshima na umuhimu wa kuitangaza nchi yetu vizuri. Yote hayo ni ya kweli. Katika asubuhi ile nzima, hata hivyo, hakuna aliyetufundisha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kichina, wala aliyetueleza kwamba Kichina ni lugha ya toni, ambamo silabi moja hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti.

Kwetu sisi jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mswahili hutofautisha barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" kwa mkazo tu, lakini maneno ya namna hiyo kwetu ni ya kuhesabika na mtu akikosea bado anaeleweka. Katika Kichina karibu kila neno liko hivyo. Wiki yangu ya tatu hapa nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza na kuuza baiskeli kuukuu nje ya lango la chuo, nikiwa nimekariri sentensi yangu njia nzima, nikamwambia kwa kujiamini, "Wo yao mai." Yule mzee aliniangalia, akachungulia nyuma yangu, kisha akatoka hadi barabarani kutazama kama kuna baiskeli nimeiegesha. Nilikuwa nimemwambia kwamba nataka kuuza. Kununua ni mai inayoshuka na kupanda. Kuuza ni mai inayoporomoka. Niliporudi bwenini bila baiskeli nilicheka na wenzangu, na hata leo nacheka, lakini siku hiyohiyo nilikuwa nimeshindwa kumweleza msimamizi wa bweni kwamba taa ya chumba changu imeungua, na usiku ule sikuona pa kuchekea.

Darasani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwalimu wetu wa lugha, mama mwenye subira ya ajabu, alizungumza Kichina tangu dakika ya kwanza, kwa sababu darasa lilikuwa na wanafunzi wa mataifa tisa na hapakuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha sote. Baadhi ya wenzetu walikwishasoma Kichina kwao kwa miezi kadhaa. Wao walipokuwa wanasahihishwa matamshi, sisi Watanzania wanne tulikuwa bado tunajiuliza ni kitu gani tumeagizwa kufanya: kufungua kitabu, kusimama, au kurudia. Ni mwenzetu mmoja wa Mombasa aliyetuokoa kidogo. Kichina hutofautisha sauti ya p yenye pumzi na isiyo na pumzi, na yeye alizikuta sauti zile zikiwa nyumbani kwao, ambako paa mnyama hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi. Jioni alitukalisha ngazini na kutufundisha Kichina kwa kutumia Kimvita. Nalitaja hili kwa sababu kijana wa miaka kumi na tisa, bila bajeti wala cheo, aliweza katika jioni mbili kutupatia msaada ambao ofisi nzima haikuufikiria.

Wiki sita za mwanzo zilipita hivyo. Katika mwaka wa lugha wenye takribani miezi kumi tu, wiki sita ni mali kubwa.

2. Mwaka wa lugha unatufikisha nusu ya njia

Hapa naomba unisome kwa makini, Mheshimiwa, kwa kuwa ndipo ilipo roho ya barua hii.

Kwa kawaida anayetaka kusoma shahada kwa Kichina hutakiwa kufikia ngazi ya 4 ya HSK, mtihani unaopima Kichina cha wageni. Kwa orodha tuliyosomea sisi, ngazi hiyo ina maneno 1,200. Ngazi ya 5 inayo 2,500. Wenye maneno hayo 1,200 wanaweza kuagiza chakula, kukata tiketi ya treni, kueleza familia zao na kusoma habari fupi kuhusu hali ya hewa. Anayeingia na maneno hayo tu kwenye mhadhara wa hisabati ya mwaka wa kwanza hasikii chochote ila viunganishi.

Mwaka wa maandalizi unagusa pia msamiati wa sayansi, na sitaki kuwavunjia heshima walimu waliojitahidi. Muda ndio hautoshi, hasa kwa aliyeanzia sifuri. Mwenye msingi anapoingia muhula wa pili huwa tayari kupokea maneno ya fizikia na kemia. Asiye na msingi huwa bado anapigana na sarufi. Mtihani wa mwisho wa mwaka hautofautishi mwenye msingi na asiye nao, na atakayeshindwa anaweza kupoteza ufadhili. Katika kundi letu mmoja alirudishwa nyumbani. Alikuwa na alama za juu za fizikia kuliko sisi sote tuliobaki.

Nikueleze jinsi mhadhara unavyokuwa. Ukumbi una watu zaidi ya mia moja, Wachina karibu wote, na mhadhiri anaongea kwa kasi anayoongea na watu wa lugha yake. Anaandika ubaoni kwa mwandiko wa mkono, ambao viboko vyake, yaani mistari inayounda herufi, vimeunganishwa na kukatwa, ilhali sisi tumefundishwa herufi za chapa, kila kiboko mahali pake. Muhula wangu wa kwanza, katika somo la vifaa vya ujenzi, mhadhiri aliandika herufi moja ambayo sikuwahi kuiona, akairudia mara saba au nane katika saa moja. Niliichora daftarini jinsi nilivyoweza. Jioni niliitafuta katika kitabu changu cha lugha, haimo. Nikaichora kwenye programu ya kamusi ya simu, ikaniletea herufi nyingine tatu zinazofanana nayo. Nilidhani nimeikosea, nikaanza tena, hadi saa tano usiku umeme wa bweni ulipozimwa.

Asubuhi nilimwonyesha Mchina tunayekaa dawati moja. Alicheka kwa wema, akanionyesha kwamba herufi ile ina vipande vitatu, mtu, kazi na jiwe, yaani jiwe lililotengenezwa na mtu. Ni zege. Neno la kawaida la zege kwa Kichina lina herufi tatu zenye jumla ya viboko thelathini, na wahandisi wao, kwa kuchoka kuliandika kila dakika, walijitungia herufi moja yenye viboko kumi. Ni ubunifu mzuri ambao sitausahau maisha yangu yote. Lakini mimi ni mwanafunzi wa ujenzi niliyekaa mhadhara mzima wa zege bila kujua kwamba linalozungumzwa ni zege, na nilitoka kwenye nchi ambako fundi wa mtaani, asiyejua kusoma, angenieleza ratio ya saruji, mchanga na kokoto kabla sijamaliza kuuliza.

Zege, nondo, boriti, nguzo, mkazo, mgandamizo: orodha ya maneno mia tatu ya fani yangu ingetosha kunifungulia mlango. Mwenzangu wa kemia alihitaji majina ya elementi tu, ambayo kila moja ina herufi yake; na angeelezwa mapema kwamba metali karibu zote hubeba alama ileile ya metali upande wa kushoto, angeokoa usiku mwingi. Hakuna aliyetuandalia orodha hiyo, wala aliyetuambia tujiandalie.

Kuna jambo jingine ambalo linatuhusu Watanzania kipekee na ambalo sijaona ofisi ikilizingatia. Hisabati nilianza kuisoma kwa Kiswahili shule ya msingi. Nilipoingia kidato cha kwanza nikaanza kuisoma upya kwa Kiingereza, na wewe, Mheshimiwa, kama ulipitia njia hiyohiyo, unakumbuka tulivyokuwa tukiitikia kwa pamoja majibu ambayo hatukuyaelewa. Sasa naisoma kwa mara ya tatu, kwa lugha ya tatu. Ninaposikia neno la Kichina, simu inanipa tafsiri ya Kiingereza, nami Kiingereza hicho nakipeleka kimyakimya kwenye Kiswahili ndipo nielewe. Nikifika huko mhadhiri amekwisha kufuta ubao. Taifa lililokwisha kuwavusha watoto wake mto wa lugha mara moja, na kuona wangapi walizama, lilipaswa kuwa la kwanza kujenga daraja katika mto wa pili.

3. Mambo madogo ambayo hatukuelezwa

Nitayataja kwa haraka, ingawa yalitugharimu.

Hatukuelezwa kwamba WhatsApp, Facebook na Google havifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China. Nilitua, nikanunua laini, na kwa siku kumi na moja mama yangu hakujua kama nimefika salama. Hapa kila kitu kinapita WeChat: matangazo ya darasa, malipo ya chakula, namba ya mwalimu, hata kufua nguo kwa mashine ya bwenini. Kufungua akaunti mpya mara nyingi kunahitaji mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, na mgeni hamjui mtu huyo. Kama mngetuambia, tungefungua tukiwa nyumbani, na wazazi wetu pia.

Hatukuelezwa kwamba fomu ya JW201, ile ya kuombea viza ya masomo, na barua ya udahili hutakiwa nakala halisi wakati wa kuomba kibali cha ukaazi, na kwamba kibali hicho lazima kiombwe ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Mwenzetu mmoja, kwa uangalifu aliofundishwa nyumbani, alizifungia nyaraka zake halisi kabatini Tabora ili zisipotee, akaja na nakala za kivuli. Baba yake aliuza mbuzi kuzisafirisha.

Hatukuelezwa kwamba posho ya kwanza haiwezi kuingia kabla ya kufunguliwa akaunti ya benki, wala kwamba katika wiki hizohizo za kusubiri tutalipia kipimo cha afya, picha, godoro, blanketi, na yuan 400 za kibali cha ukaazi cha mwaka mmoja. Nilifika na dola hamsini ambazo mjomba alinipa kwenye bahasha uwanjani. Ukweli ni kwamba niliishi kwa ukarimu wa Wazambia wawili wa ghorofa ya nne.

Chakula sitakilalamikia. Chuo kina kantini ya Waislamu, mjini kuna migahawa ya tambi za Lanzhou ambako mtu hali kwa wasiwasi, na unga wa mahindi ya njano unapatikana dukani, kwa hiyo ugali tunausonga, ingawa una rangi ya manjano na wa Tanga akiuona atauliza kama umewekwa bizari.

4. Baridi, na siku ya kwenda hospitali

Mji wetu huwashiwa mabomba ya joto katikati ya Novemba na kuzimiwa katikati ya Machi. Wiki za mwisho kabla ya kuwashwa ndizo mbaya kuliko zote kwa mtu aliyekuja na sweta moja, na ndizo alizougua dada mmoja wa kundi letu. Ilikuwa usiku, tukampeleka hospitali wawili, mimi na mwenzake wa chumbani. Hospitali za hapa zina utaratibu wake: kwanza unajiandikisha dirishani na kulipia namba, ndipo unamwona daktari, unarudi dirishani kulipia vipimo, unapimwa, unapeleka majibu kwa daktari, kisha unarudi dirishani tena kulipia dawa. Ni utaratibu mzuri kwa anayesoma vibao. Sisi tulipanga foleni katika dirisha lisilo letu kwa dakika arobaini.

Tulipofika kwa daktari, dada yule, akilia, aliandika kwenye simu kwamba ana kichomi ubavuni. Programu ikatafsiri kwa namna yake, na daktari akamwomba aonyeshe mahali alipoungua. Tulijaribu kwa Kiingereza, tukajaribu kwa ishara, mwisho nikajichoma ubavu kwa kidole na kukohoa, ndipo akaelewa. Alikuwa na nimonia. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini maneno ya "naumwa hapa", "nashindwa kupumua" na "nina mzio wa dawa hii" kwa Kichina yanajaza nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo ungeweza kuwekwa ndani ya kila pasipoti kwa gharama ya fotokopi.

5. Hatujui wa kumpigia

Hakuna afisa aliyetajwa kwa jina wala namba kuwa ndiye anayetushughulikia. Namba iliyo kwenye barua ya uteuzi haipokelewi. Wazazi hutuuliza sisi, nasi tunawauliza waliotutangulia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, najua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine yamekwisha kusemwa.

Itasemwa kwamba waliotutangulia walizoea. Ni kweli, wapo waliotangulia tangu zama za kujengwa kwa reli ya TAZARA, vijana wetu na wa Zambia walipopelekwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1970 kusomea reli. Nawaheshimu sana wazee hao. Lakini tunaohesabu walizoea ni wale waliobaki. Waliorudi njiani hatuwahesabu, kwa sababu hawaalikwi kwenye semina ya kuwaaga wapya. Tena tuwatazame Wachina wenyewe. Hawakusubiri kuzoea Kiswahili kwa kukanyaga Dar es Salaam. Beijing ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili redioni tangu mwaka 1961, na mwaka uliofuata walianzisha chuo mahsusi cha kuwafundisha Kichina wageni waliokwenda kusoma kwao. Walijua kwamba lugha hutangulia, mizigo hufuata.

Itasemwa kwamba hakuna bajeti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina, tangu mwaka 2013, na wapo Watanzania waliohitimu China ambao leo wanatafuta kazi na wanaweza kufundisha. Sisemi kwamba itakuwa bure. Nasema kwamba gharama ya kozi ya wiki kumi kwa kundi zima ni ndogo kuliko hasara ya kijana mmoja anayerudi bila shahada, baada ya kupoteza mwaka na nafasi ambayo mwingine angeitumia.

Itasemwa kwamba majina ya mwisho hutoka wakati wa kiangazi cha huku China na wanafunzi huondoka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hivyo muda haupo. Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, nami sitaipuuza. Hata hivyo, orodha ya waliopendekezwa ofisi huwa nayo miezi kadhaa kabla. Aliyependekezwa akisoma Kichina kwa wiki kumi halafu asichaguliwe, amepata hasara gani? Atakuwa Mtanzania anayejua Kichina kidogo, katika mji ambao Kariakoo yake imejaa wenye maduka wanaomhitaji mtu wa namna hiyo.

Na itasemwa kwamba Kichina kitafundishwa hukohuko. Hilo nimekwisha kulijibu katika hoja ya pili, na sina la kuongeza ila kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka wa lugha haumuulizi mtu alianzia wapi.

Kwa hiyo, kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniruhusu kuwasemea, tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Kila anayependekezwa kwa ufadhili wa China asome Kichina cha mwanzo kwa wiki kumi zisizopungua kabla ya kuondoka, darasani kwa anayeweza kufika na kwa njia ya mtandao kwa aliye mbali au aliye katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), atakapotoka. Lengo liwe toni, matamshi, herufi za msingi na sentensi za kila siku, ili siku ya kwanza darasani ajue kama ameambiwa asimame au afungue kitabu.

(b) Iandaliwe orodha ya istilahi kwa kila fani tunayopelekwa kusoma, Kichina, Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega. Sisi wa ujenzi tumekwisha kuanza yetu; mpaka leo ina maneno 412, na herufi ya zege ndiyo ya kwanza. Tuko tayari kuikabidhi bila malipo.

(c) Kitolewe kijitabu kifupi cha mambo niliyoyataja katika hoja ya tatu na ya nne, pamoja na ule nusu ukurasa wa hospitali, kiandikwe na wanafunzi waliopo huku na kihaririwe na ofisi. Mzazi naye apewe nakala.

(d) Ateuliwe afisa mmoja mwenye jina, namba inayopokelewa na akaunti ya WeChat, na kila mwanafunzi mpya aunganishwe na mmoja wetu kabla hajakata tiketi.

(e) Kila mwaka ofisi itangaze ni wangapi walipelekwa, wangapi walifaulu mwaka wa lugha na wangapi walirudi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu kundi la Septemba litakuwa limekwisha kujulikana na wiki kumi zitakuwa bado zinapatikana. Likija jibu, hata la kukataa, nitalichapisha lote kama lilivyo, palepale nilipoichapisha barua hii. Jina langu na anwani yangu unavyo tayari katika barua zile tatu, na ile ya tatu ina muhuri wenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi,
Kaskazini mwa China.

Nakala: Baba mdogo, Tanga, aliyekaa benchini.